Mbio za Hisani Zinafaa Kulipia Nini?

Aprili 2014 Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa Kenya wakati ule, alikimbia London Marathon, kilomita 42, akamaliza baada ya saa saba na ushei. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameongoza nusu marathoni jijini Nairobi. Zote zilikuwa za kampeni yake ya Beyond Zero, iliyotaka kila kaunti kati ya 47 ipate kliniki tamba, yaani kliniki iliyo ndani ya gari, ya akina mama na watoto. Utafiti wa kitaifa wa 2008–09 ulikuwa umeonyesha vifo 488 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai.

Wapo wanaosema kliniki inunuliwe kwa kodi, na kwamba mwenye moyo wa kutoa atatoa hata pasipo mtu kutoka jasho. Hilo la kodi nawaunga mkono. Hili la pili linasahau jinsi tunavyochanga. Watu hutoa wakiombwa na mtu wanayemjua. Kadi ya mchango wa harusi haifanyi kazi kwa njia nyingine. London wamelijengea utaratibu: shirika la hisani hununua nafasi, humpa mkimbiaji, naye huahidi kuzunguka kwa ndugu na wafanyakazi wenzake hadi kiasi walichokubaliana kitimie. Tangu 1981 mbio hizo zimeingiza zaidi ya pauni bilioni 1.

Kwetu, mara nyingi mkimbiaji hulipa ada ya usajili na kampuni hudhamini. Ndani ya ada ile mna fulana, medali na maji ya njiani. Nikilipa, nina haki ya kuambiwa ni kiasi gani kilichofika hospitalini, na mwandaaji asiyetangaza hesabu hiyo anawaharibia wenzake wote.

Hata fedha ikifika yote, bado nauliza inalipia nini. Kliniki za Beyond Zero zilifika katika kaunti zote. Lakini gari hununuliwa mara moja, ilhali dereva, muuguzi, dawa na mafuta ni gharama za kila siku, na tangu ugatuzi wa 2013 hizo ni za kaunti. Baadaye magazeti ya Kenya yaliripoti kwamba baadhi ya magari hayo yameegeshwa. Sisemi mbio zile zilikosea, kwa kuwa zilimfanya hata gavana azungumzie vifo vya uzazi hadharani. Zilibebeshwa tu mzigo wa bajeti.

Tanzania kuna mfano unaonishawishi zaidi. CRDB Bank Marathon, iliyoanza 2020, huchangia upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na benki ya NMB imekimbiza watu kwa ajili ya wanawake wenye fistula, jeraha la uzazi linalomfanya mama avuje mkojo au kinyesi, wanaotibiwa katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam. Mtoto akishapasuliwa, sehemu kubwa ya gharama imekwisha, hivyo mchango wa mara moja kwa mwaka unamtosha kweli.

Mgonjwa wa figo ni habari nyingine. Husafishwa damu hata mara tatu kwa wiki, wiki zote za mwaka, na hakuna mbio zinazoweza kukimbia mbele ya bili yake. Huyo namtazamia sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa Tanzania 2023, na ningependa wanaojaza barabara kwa ajili ya watoto wa moyo waidai kwa nguvu ileile.