Msiizibe kwa saruji
Wanaosema nyumba ya kale kule Whittier, California, ya Pío Pico, gavana wa mwisho wa California ilipokuwa chini ya Mexico, ingepigwa tu lipu ya saruji yaishe, naomba mnisikilize. Ile ni nyumba ya matofali mabichi. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani na tofali hulainika bila mtu kuona. Kwetu Iringa tuliifanyia hivyo nyumba ya bibi. Mvua za mwaka wa pili lipu ilibanduka na udongo wake, pale chini karibu na msingi. Nililia. Itumike lipu ya udongo au chokaa!