Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 20 na kiunzi cha somo la mtandaoni

Silabusi ya kurasa 120 inapigwa skani, inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo), na hapa Lubumbashi tunasema somo limewekwa mtandaoni. Wengi wetu tulianza hivyo Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, na wakati ule hatukuwa na njia nyingine. Njia nyingine zimepatikana tangu hapo, ila mazoea hayajahama. Kilichoongezeka ni video ya saa nzima ambamo profesa anasoma silabusi ileile kwa sauti.

Ndiyo maana siku hizi, walimu wanapokutana, hurudi swali moja: je, kabla ya kuweka chochote mtandaoni, mwalimu alazimike kujifunza usanifu wa mafunzo? Yaani hatua tano za ADDIE (kuchambua, kusanifu, kutengeneza, kutekeleza, kutathmini), ngazi sita za kufikiri za Bloom, kanuni tano za kufundisha za Merrill na viunzi vingine vya ukoo huo. Nimewahi kuwa upande wa "hapana" kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najua joto lake.

Wanaokataa si wavivu kama wanavyosemwa. Mkubwa wangu mmoja wa kazi, mzee aliyefundisha uuguzi tangu nikiwa bado sekondari, huniambia: "Mwanangu, mimi darasa nalisoma usoni." Na kweli analisoma. Akiona macho yamelegea kwenye mabenchi ya nyuma anaiacha kanuni, anasimulia habari za mgonjwa mmoja wa zamani, na kabla hujajua umerudi kwenye kanuni na safari hii imekuingia. Ustadi huo hakuupata kwenye jedwali. Historia pia anaijua: ADDIE ilitungwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani, na jeshi lilitaka watu wengi wafanye jambo moja kwa namna moja. Tena viunzi hivi vinadhani ipo timu, na ndani yake msanifu, mpiga picha, mhariri, fundi wa kompyuta. Kwetu timu nzima ni asistenti mmoja, kompyuta yake ya kubeba, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ambao hautoi taarifa unapoondoka.

Lipo shtaka jingine, na hili nalikubali bila kulipunguza. Mfumo wa LMD (shahada za ngazi tatu: licence, master, doctorat) ulipoanza, kila kozi ilidaiwa malengo. Nilichukua orodha ya vitenzi vya Bloom nikavipanga, kufafanua, kulinganisha, kutathmini, mbele ya sura za kozi niliyokuwa nimeiandika miaka sita nyuma. Hakuna mstari hata mmoja uliobadilika ndani ya somo. Karatasi ilipokelewa, ikapigwa muhuri. Kama usanifu ndio huo, basi mzee yuko sawa na mimi sina la kuandika.

Silaha anayoipenda mzee, hata hivyo, ni namba: 3.13. Inatoka kwenye uchambuzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT, uliochapishwa katika jarida la Science Januari 2019. Walipitia kozi za MIT na Harvard kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni zilizo wazi kwa wote, kuanzia 2012 hadi 2018, wakakuta kwamba mwaka wa 2017-18 ni asilimia 3.13 tu ya washiriki wote waliomaliza. Miaka mitatu kabla yake ilikuwa karibu 6. Mzee huitamka kwa Kifaransa, polepole, kama jaji anayesoma hukumu. Harvard wana fedha, kamera na wasanifu wa kila aina, na katika watu 100 wamebaki watatu. Sisi wenye delestaji, yaani mgao wa umeme, tutabaki na nani?

Nimeigeuza namba hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Jambo la kwanza ni kwamba zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua kozi hata mara moja. Kujiandikisha bure ni kubonyeza mara mbili, na mtu hubonyeza mambo mengi jioni moja. La pili ndilo linaloniwasha. Wale waliolipa ili wapate cheti kilichothibitishwa, mwaka huohuo, walimaliza kwa asilimia 46. Kozi ni zilezile, video zilezile, maswali yaleyale. Hapo mzee anacheka, na ana haki ya kucheka: kama usanifu ulikuwa mmoja, basi si usanifu uliotenganisha 3 na 46. Aliyeweka kitu chake mezani alikaa mpaka mwisho, na aliyekuja kutazama aliondoka.

Lakini itazame tena. Hatua ya kwanza ya ADDIE, kuchambua, inauliza nini? Inauliza huyu ni nani, anataka kuweza kufanya nini ambacho leo hakiwezi, ana kifaa gani mkononi, na atapoteza nini asipomaliza. Kozi iliyofunguliwa kwa kila mtu duniani haina jibu la maswali hayo, hata ikipigwa picha na mafundi wa sinema. Ndivyo ninavyoisoma 3.13. Ni namba ya somo lililojengwa vizuri kuanzia hatua ya pili.

Kuna la tatu, na hili ni letu. Hapa kwetu asilimia ya wanaomaliza ingekuwa karibu 100, kwa kuwa mwanafunzi asiye na pointi hapandi promosheni ya juu. Atamaliza kozi nzuri, atamaliza kozi mbaya, atamaliza hata ile ambayo hakuisikia. Ukiwapelekea MIT namba yetu watatuomba tuwafundishe! Donald Kirkpatrick, mwaka 1959, alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: kama watu waliyapenda, kama walijifunza, kama wanatenda tofauti wakirudi kazini, na kama matokeo ya kazi yamebadilika. Sisi ya kwanza hatuiulizi, ya pili tunaiulizia siku ya mtihani, na kuanzia ya tatu hakuna anayejua lolote. Kwa hiyo kubishana kuhusu wanaomaliza, hapa Lubumbashi, ni kubishana kuhusu kitu ambacho hatuna tatizo nacho. Tatizo letu ni muuguzi aliyemaliza, akapata distinksio, na usiku akisimama mbele ya chupa ya seromu (dripu) anampigia mwenzake simu.

Turudi kwenye chombo chenyewe, simu na mtandao. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Clark aliandika kwamba chombo cha kufundishia hakiongezi kujifunza, kama vile lori linaloleta chakula dukani lisivyobadilisha lishe ya mnunuzi. Mfano huo unatufaa kuliko yeye alivyowazia. Malori ya unga yanaingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na unga ukiwa umeoza, bukari (ugali) itanuka hata lori likioshwa kwa sabuni. Mzee anaupenda sana mfano huu, anaona unamtetea: basi tuache mambo ya mtandao, tufundishe.

Mimi naona unamgeukia. Kama lori si neno, neno ni unga, na unga wa kusoma silabusi kwa sauti ulikuwa mbaya tangu ukiwa darasani. Darasani uliokolewa na macho yake. Aliona mahali ulipokwama, akaongeza chumvi. Kwenye simu ya binti aliyeko Katuba, saa nne za usiku, mzee haoni uso wa mtu, wala hakuna benchi la nyuma. Kiunzi ni namna ya kuuliza mapema, kwenye karatasi, kile ambacho darasani angekiona papo hapo. Mwenye kipaji kikubwa zaidi cha kusoma nyuso ndiye anayepoteza zaidi anapohamia mtandaoni, na ndiye anayekihitaji zaidi. Hili ndilo wenzangu wanaotetea viunzi hawalisemi vizuri. Wanamwendea mzee kana kwamba hajui kufundisha, naye anawafukuza, na mimi ningewafukuza.

Na lori nalo lina gharama ya mafuta. Video ya kilobiti 700 kwa sekunde, ambayo si nzuri sana, inakula kama mega (megabaiti) 315 kwa saa. Sauti peke yake, ya kilobiti 32, inakula mega 14 na kidogo kwa saa ileile. Anayejua hesabu hii kabla ya kuwasha kamera ameshafanya nusu ya uchambuzi, hata kama hajawahi kusikia jina ADDIE.

Kozi yangu ya kwanza ya mtandaoni ilikuwa video ya dakika 52 kuhusu seromu. Lengo lake, kwenye karatasi, lilikuwa "kuelewa tiba ya majimaji". Nani atapima kuelewa? Robert Mager aliliandikia tatizo hilo mwaka 1962: sema mtu atafanya nini kinachoonekana, katika hali gani, kwa kiwango gani. Grant Wiggins na Jay McTighe, mwaka 1998, wakapendekeza uanze na mwisho: jua kwanza ushahidi utakaokuthibitishia kwamba mtu anaweza, ndipo upange somo. Nikaandika upya nikianzia kitandani kwa mgonjwa. Chupa ya mililita 500, iishe ndani ya saa 4, seti (mrija wa kudondoshea) inatoa matone 20 kwa mililita; bila kikokotoo, ni matone mangapi kwa dakika? Matone 10,000 kugawa kwa dakika 240, unapata kama 42. Kila kisichomfikisha mtu hapo nilikitoa. Ilikwenda historia ya seromu, ikaenda michoro mitatu ya figo niliyoichora kwa mkono na kuipenda mno. Iliniuma, sifichi.

Toleo la pili lilikuwa bado refu. La tatu lina kurasa nne na sauti mbili za dakika sita. Zote mbili kwa pamoja hazifiki mega 3. Linaanza na swali la matone kabla ya maelezo yoyote, mwanafunzi akosee kwanza, ndipo aoneshwe, kisha afanye mengine matano mwenyewe, la mwisho likiwa la chupa iliyopo wodini kwake. Lilinichukua jioni za majuma mawili, kwa somo la nusu saa. Wanaosema hakuna asistenti mwenye jioni hizo kwa kozi nzima ya saa 45 wanasema kweli, na sioni chuo hapa mjini kinachozihesabu jioni hizo katika mshahara. Kwa hiyo sharti la kumlazimisha kila mwalimu kwa kila somo silitetei. Ningechagua masomo yale ambayo kosa lake linamfikia mtu mwilini, nikaanza na hayo.

Nilimpelekea mzee toleo la tatu, aone alichokuwa anakikataa. Alisikiliza sauti zote mbili, akakaa kimya, kisha akauliza seti ya matone 20 nimeitoa wapi. Kwenye kitabu, nikasema. Akasema kwamba kwenye vituo vya afya alivyozungukia mwaka huu amekuta pia seti za matone 15, zimewekwa kwenye kabati moja na zile za 20, pakiti zinafanana. Muuguzi akihesabu 42 kwenye seti ya 15, chupa ya saa nne inaisha kwa saa tatu.

Ukurasa wa kwanza sasa unaanza na picha ya pakiti, na swali la kwanza ni kusoma ile namba ndogo iliyoandikwa pembeni.