Malaria hakuna, basi ni UTI

Kaa nusu saa kwenye benchi la maabara yoyote ya mtaani, Dar es Salaam au Morogoro, utasikia majibu yaleyale: malaria hakuna, taifodi ipo kidogo, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ipo. Mgonjwa anachukua karatasi yake, anavuka barabara hadi duka la dawa, anarudi nyumbani na vidonge vya aina tatu. Baada ya siku tano amepona, na anawaambia majirani kwamba maabara ile haikosei.

Tatizo ni kwamba wengi wa aina yake wangepona hata bila vidonge. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 waliofika kliniki wakiwa na homa. Walipimwa kwa undani ambao zahanati ya kawaida haiwezi kuumudu. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10 hivi, UTI asilimia 6, taifodi chini ya asilimia 4. Watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, na virusi havisikii antibayotiki. Watu wazima si watoto, nakubali. Lakini atakayesema kila mwenye homa mtaani ana UTI na taifodi kwa pamoja, yeye ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Vipimo vyenyewe vinachangia. Kipimo cha Widal, kinachotumika kutafuta taifodi, kimekuwepo tangu 1896, na kinachotafuta ni kingamwili, bakteria mwenyewe hakimwoni. Mtu aliyeugua zamani, au aliyekutana na bakteria wa jamii ya karibu, anaweza kuonyesha majibu bila kuwa na taifodi leo. Hiyo "ipo kidogo" mara nyingi ndiyo hiyo. Mkojo nao, ukikingwa ovyo kwenye kikopo kisicho safi, huweza kuonyesha seli za usaha na bakteria hata kwa asiye na maambukizi. Ukiwa huumii unapokojoa, huendi haja ndogo kila dakika, huna maumivu chini ya kitovu wala ubavuni, majibu hayo peke yake si sababu ya kumeza dawa. Mjamzito ni habari nyingine: yeye akikutwa na bakteria kwenye mkojo hutibiwa hata kama hana dalili.

Sasa tumsikilize mtu wa upande wa pili, kwa sababu hoja zake si za kubeza. Kuotesha mkojo au damu huchukua siku kadhaa, na sehemu nyingi huduma hiyo haipo. Mama amefika saa tatu usiku na mtoto anachemka, zahanati imefungwa, nauli ya kwenda hospitali ya wilaya hana. Muuza dawa anajua kwamba nimonia huua haraka. Akimpa amoksilini mtoto asiyeihitaji, hakuna atakayelalamika. Akimnyima anayeihitaji, msiba uko mtaani kwake. Mimi pia, nikiwa nyuma ya kaunta ile, ningevuta mkono kuelekea kwenye kopo la amoksilini.

Na duka lenyewe lina historia yake. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, wauzaji wakapewa mafunzo, na yakaruhusiwa kutoa baadhi ya antibayotiki za msingi ambazo duka la dawa baridi halikuruhusiwa kuuza. Lengo lilikuwa kumfikia mtu aliye mbali na hospitali, na alifikiwa kweli. Wanaodai leo kwamba antibayotiki ziondolewe kabisa madukani wanazungumza kama watu wenye hospitali mtaa wa pili. Kijijini, mgonjwa huambiwa zahanati dawa zimekwisha, akanunue nje. Nje ni wapi, kama si hapo dukani?

Lakini angalia dawa inavyotoka. Mteja anasema, "Nipe rangi mbili za mia tano, kifua kinabana," akimaanisha kapsuli za antibayotiki. Hakuna anayemuuliza amekohoa tangu lini. Vidonge vinahesabiwa kwa kijiko, vinaingia kwenye kibahasha cha kaki kilichoandikwa 2x3 kwa kalamu, na vinatosha siku moja na kidogo. Kwenye azuma, antibayotiki nyingine, mkasi unakata karatasi ya vidonge katikati na jina na tarehe ya mwisho wa matumizi vinabaki upande wa duka. Hapa hoja ya dharura ya usiku haipo tena. Hii ni nusu dozi ya mafua, na ndiyo inayowafundisha vimelea usugu. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 baada ya vimelea vya malaria kuizoea, tukahamia SP, dawa nyingine ya malaria, nayo ikatushinda, tukaingia kwenye dawa ya mseto. Kwa UTI, septrin na ampisilini tayari hazitegemeki kama zamani.

Kuongeza vipimo peke yake hakutoshi pia. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea, dawa za malaria zilipungua kwa wasio na malaria, ila tafiti za nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, zilionyesha antibayotiki zikipanda kwa haohao waliopimwa wakakutwa hawana. Mhudumu ameambiwa ugonjwa usiokuwepo, hajaambiwa uliopo, na mgonjwa bado amesimama mbele yake.

Kwangu, ushahidi mzito zaidi ni jaribio lililofanywa Dar es Salaam kati ya 2014 na 2016, kwa watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka mitano. Wahudumu wa kundi moja walipewa mwongozo kwenye tableti, pamoja na vipimo vichache vya papo hapo, kikiwemo cha oksijeni ya kidoleni na cha damu kinachosaidia kubashiri maambukizi makali ya bakteria. Katika kundi hilo, watoto waliopewa antibayotiki walikuwa kama asilimia 11. Waliohudumiwa kwa mwongozo mwingine, nao wa kwenye tableti lakini bila vipimo hivyo vya ziada, walikuwa karibu asilimia 30, na katika huduma za kila siku ilikuwa zaidi ya asilimia 90. Walioshindwa kupona ndani ya wiki walikuwa wachache zaidi kwenye kundi lililopewa dawa kidogo.

Hata bila tableti, kuna kinachowezekana. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, huyo anastahili kutibiwa kama mwenye nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, ni hospitali usiku huohuo. Anayeharisha bila damu anahitaji maji ya chumvichumvi ya pakiti na zinki kwa siku 10 hadi 14. Flagyl haina kazi hapo.

Ushauri huo hauna bei kwenye kaunta. Muuza dawa akiutoa vizuri, mteja anaondoka na panadol na pakiti ya chumvi, na faida ya siku hiyo imeondoka naye. Tukitaka auuze ushauri badala ya rangi mbili, itabidi kuhesabu pumzi na kumpima mtoto oksijeni kuwe na malipo yanayojulikana, yawe ya bima au ya halmashauri. Ukaguzi na faini, jinsi ninavyoona, vitasogeza tu kopo la amoksilini kutoka juu ya kaunta hadi chini yake.