Undershaft na kambi za Union Minière

Katika Major Barbara, mchezo wa Bernard Shaw ulioigizwa mara ya kwanza London mwaka 1905, binti wa mwenye kiwanda cha mizinga ni meja wa Jeshi la Wokovu. Kituo chake cha maskini kinakaribia kufungwa kwa kukosa pesa. Bodger, mtengeneza wiski, anaahidi paundi 5,000 iwapo wengine watatoa kiasi hicho hicho. Undershaft, baba yake Barbara, anaandika hundi papo hapo. Jeshi linashangilia, Barbara anavua beji yake na kumbandika baba yake.

Muda mfupi kabla ya hapo amemkatalia Bill Walker, aliyempiga msichana wa Jeshi kisha akataka kulipa paundi moja yaishe. Kama paundi moja hainunui msamaha, 5,000 zinanunuaje?

Undershaft anajibu kwamba uovu mkubwa kuliko wote ni umaskini. Hapa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, hoja hiyo haihitaji mfasiri. Wazee waliolelewa katika kambi za wafanyakazi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, na baadaye Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, bado wanataja posho, shule na hospitali za kampuni. Waulize kama pesa hizo zilikuwa safi, uone watakavyokutazama! Mkono mtupu haulambwi.

Ila Shaw, kwa maoni yangu, amembeba Undershaft. Mji wa kiwanda chake, wanakoishi wafanyakazi, tunauona kwa macho ya wageni waliokuja kutembea. Msimamizi anayepewa mistari michache anahangaikia viberiti vya wageni karibu na baruti. Habari za mshahara anazitaja Undershaft mwenyewe, si wafanyakazi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walizitaja. Vita vilikuwa vimepandisha bei, wakagoma, na askari wakawaua makumi kwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu huu. Kampuni ni ile ile iliyogawa posho.

Barbara anabaki kiwandani kwa sababu anataka kuwahubiria walioshiba, watu wasioigiza wokovu ili wapate mkate. Hoja nzuri. Lakini mwenye nyumba na mshahara wao ni baba yake: nani atamwambia Barbara ukweli? Kundi la Mufwankolo, la maigizo hapa Lubumbashi, limezoea kuigiza kwa Kiswahili bila mistari iliyoandikwa. Wakiuchukua mchezo huu, natumaini yule msimamizi, akishakusanya viberiti, atadai na nyongeza ya mshahara, Barbara akiwa amesimama pale pale.