Kasri la Gotha limehifadhi habari zetu, twende tukazisome

Anayefika Gotha, mji mdogo wa jimbo la Thüringen katikati ya Ujerumani, huelekezwa kilimani kwenye kasri la Friedenstein, na akishafika huko husimuliwa habari za ukoo. Watawala wa mji huu walikuwa na cheo cha duke, na jina la Saxe-Coburg na Gotha lilivuka bahari pamoja na Albert, mume wa Malkia Victoria. Familia ya kifalme ya Uingereza ililibeba hadi mwaka 1917, ilipojiita Windsor kwa sababu ya vita na Wajerumani. Watalii hupenda sana habari hizo. Mimi naona kwamba kwetu tunaosoma Kiswahili, hizo ni habari za pembeni. Kilicho kikubwa Gotha ni karatasi, na baadhi ya karatasi hizo ni zetu kwa haki kamili, kwa kuwa maneno yaliyomo yalitoka vinywani mwa wazee wetu.

Hata hivyo, jengo lenyewe linastahili heshima yake. Duke Ernst I, aliyeitwa Mchamungu, alianza kulijenga mwaka 1643, Vita vya Miaka Thelathini vikiwa bado vinaiteketeza Ujerumani, na kufikia 1654 kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Juu ya lango walichonga wanawake wawili, Amani na Haki, wakibusiana, na chini yao maneno yasemayo kwamba amani hulisha na ugomvi huangamiza. Ni jengo zito, lenye mabawa marefu yanayozunguka uwanja mmoja mpana, na nje halina mapambo mengi. Nalipenda kwa ukavu wake huo. Ernst alikuwa mtu wa shule: mwaka 1642 utawala wake ulitoa mwongozo wa masomo ya watoto, wa kike kwa wa kiume, na Gotha ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza Ulaya kulazimisha wazazi wapeleke watoto shuleni.

Ndani ya mnara wa magharibi kuna ukumbi wa michezo ya kuigiza uliojengwa miaka ya 1680, ambao sasa unaitwa Ekhof kwa jina la mwigizaji Conrad Ekhof. Mitambo yake ya mbao ingali inafanya kazi. Chini ya jukwaa kuna mhimili mkubwa, kamba na magurudumu, na watu huuzungusha kwa nguvu za mikono. Ukizunguka, mbao za mandhari zilizopakwa rangi huteleza kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, hizi zikiingia na zile zikitoka, na msitu unageuka mji mbele ya macho yako bila pazia kushushwa. Kila kiangazi michezo huonyeshwa humo.

Majengo mengine ya maduke nayataja kwa kifupi: jumba dogo la Friedrichsthal lililo chini ya kilima, bustani ya miti ya machungwa, na jumba la makumbusho la mwaka 1879. Ni mazuri, lakini mtu aliyetoka mbali na mwenye siku moja tu asipoteze muda mwingi huko.

Afrika iliingia katika kasri hili mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1652, jengo likiwa bado halijakamilika, alifika padri Mhabeshi, Abba Gorgoryos. Mwanachuoni Hiob Ludolf alikuwa amekutana naye Roma, na Duke Ernst akamwalika. Hebu mfikirie padri huyo wa Kiafrika akiwa mbele ya mtawala wa Kijerumani, akiulizwa habari za dini, desturi na utawala wa nchi yake, naye akijibu kama mjuzi. Kutokana na mafundisho yake, Ludolf aliandika kamusi na sarufi za Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, na za Kiamhari, na historia ya Ethiopia ya mwaka 1681. Ludolf ndiye anayeitwa baba wa masomo ya Ethiopia barani Ulaya. Mimi husema masomo hayo yalikuwa na mwalimu, na mwalimu ni Gorgoryos. Alikufa mwaka 1658 katika ajali ya meli akiwa safarini kurudi kwao. Namshukuru Ludolf kwa jambo moja: hakulificha jina la mwalimu wake.

Wengine hawakupata bahati hiyo, na hapa ndipo habari zinapotufikia sisi wa pwani.

Mwaka 1785 Justus Perthes alianzisha nyumba ya uchapishaji mjini Gotha. Ilipata umaarufu kwanza kwa almanaka ya koo za kifalme na kikabaila, kisha kwa ramani. Mwaka 1855 August Petermann alianzisha hapo jarida la jiografia lililosomwa dunia nzima. Mwaka uliofuata, 1856, jarida hilo lilichapisha ramani ya Afrika Mashariki na ya Kati iliyotayarishwa na wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa na kituo chao Rabai, karibu na Mombasa.

Ramani hiyo inaonyesha ziwa moja kubwa mno, Ziwa la Uniamesi, lenye umbo refu lililopinda. Wanajiografia wa London walilitazama wakalifananisha na koa. Walicheka, na kicheko hicho kingali kinarudiwa katika vitabu. Lakini itazame ramani kwa utulivu. Kichwa chake chenyewe kinataja mipaka na makazi ya watu mbalimbali, pamoja na njia za misafara kuelekea bara. Erhardt hakwenda bara. Alikaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854, akazungumza na wafanyabiashara na watu wa misafara, akawauliza safari zao: mnalala wapi, mnavuka mto gani, mnafika lini kwenye maji. Waliopita njia ya kaskazini walimwambia kuna maji makubwa. Waliopitia njia ya katikati hadi Ujiji walisema kuna maji makubwa. Waliotoka Kilwa kuelekea kusini magharibi walisema hivyohivyo. Wote walisema kweli. Wamisionari ndio walioyaunganisha maziwa matatu, yale tunayoyaita leo Victoria, Tanganyika na Nyasa, yakawa moja.

Kwa hiyo kosa lilitoka kwenye kalamu, na maarifa yalitoka kwa wasafiri. Ramani hiyohiyo iliyochekwa ndiyo iliyochangia Jumuiya ya Kijiografia ya London kuwatuma Richard Burton na John Speke mwaka 1856, nao wakapita njia zilezile za misafara, wakiongozwa na watu wa misafara. Baadaye tukafundishwa shuleni kwamba maziwa yetu "yaligunduliwa". Jambo hilo huniuma, na huniuma zaidi nikijua kwamba ushahidi wa kulisahihisha upo, umechapwa, na umehifadhiwa vizuri katika mji wa Kijerumani ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia.

Wala si ramani hiyo tu. Nyumba ya Perthes ndiyo iliyochapisha pia, kati ya 1893 na 1897, atlasi ya makoloni ya Ujerumani iliyotengenezwa na Paul Langhans, pamoja na kurasa za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ndani ya miaka 40, mji uleule ulitoka kwenye kuuliza njia ukafika kwenye kuchora mipaka ya kumiliki. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Ramani zilizoanza na maneno ya wenyeji ziliishia mikononi mwa maofisa wa kodi na wanajeshi.

Karatasi hizo zimebaki. Mwaka 2003 jimbo la Thüringen lilinunua hazina ya Perthes, yenye zaidi ya ramani 180,000, na sasa iko chini ya maktaba ya utafiti ya Gotha, sehemu ya Chuo Kikuu cha Erfurt. Maktaba yenyewe imo ndani ya kasri, ikiwa na maelfu ya miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki, mingi ikinunuliwa na Ulrich Jasper Seetzen, aliyesafiri Mashariki kwa niaba ya watawala wa Gotha akafia Yemen mwaka 1811.

Watu wa Gotha wanajua uchungu wa kupotelewa. Baada ya vita, mwaka 1946, Wasovieti walihamisha sehemu kubwa ya hazina za kasri, nyingi zikarudishwa miaka ya 1950. Desemba 1979 wezi walipanda usiku wakaiba michoro mitano, na kasri likaingoja miaka 40 hadi iliporudi. Mji mzima ulishangilia, kwa haki kabisa. Watu wanaoelewa furaha hiyo naamini wataelewa pia ninachoomba.

Siombi ramani zibebwe. Naomba zionyeshwe kwa ukweli wake. Pale ramani ya 1856 inapotajwa, zitajwe Tanga na Rabai, wafanyabiashara wa pwani na watumwa waliohojiwa, na yeyote ambaye jina lake lipo kwenye shajara na barua za wamisionari litafutwe na liandikwe. Maelezo yawepo kwa Kiswahili pia. Vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi vipeleke vijana wanaosoma Kijerumani na Kiarabu wakakae humo kwa muda wa kutosha, kwa sababu Mjerumani peke yake hatayatambua majina ya vituo vyetu.

Sehemu ya ramani hizo tayari iko mtandaoni. Mwenye wazee waliotoka Pangani, Kilwa au Ujiji aanze na ile ya 1856. Majina yameandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, kwa hiyo ayasome kwa sauti, polepole, naye ataanza kuyatambua.