Siasa Jukwaani: Tunamkemea Shabiki, Tunamwacha Mfadhili

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, ombi ni lile lile katika vilabu vya magharibi mwa Kenya: siasa iachwe nje ya uwanja. Viongozi wa vilabu hulitoa, wachezaji wa zamani hulirudia redioni, na hata mashabiki wenyewe wakishachoka kugombana hulikubali. Tunaelekea Agosti 2027, na safari hii ombi lina uzito wake, kwa sababu ugomvi si ule tuliouzoea wa Gor Mahia, klabu yenye mizizi kwa Wajaluo, na AFC Leopards, yenye mizizi kwa Waluhya. Ni wa mashabiki wa Gor Mahia wao kwa wao.

Chanzo kinajulikana. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha, viongozi wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, waliteuliwa kuingia katika baraza la mawaziri la Rais William Ruto: John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya. Kisumu, mji uliozoea kuamkia upinzani, ukajikuta serikalini kabla watu wake hawajakubaliana. Kisha Oktoba 2025 Raila Odinga akafariki. Alikuwa mlezi wa Gor Mahia, na watu wa Nyanza walimuaga katika uwanja wa mpira, kule Mamboleo, kabla ya kuzikwa Bondo. Neno lake lilikuwa linakata mabishano. Sasa mabishano yapo na wa kuyakata hayupo.

Naona ombi la kunyamazisha siasa jukwaani lina nia njema, lakini linamkemea mtu asiye na kosa kubwa. Shabiki anayebishana kuhusu serikali huku akisubiri mechi ianze hajawahi kuua klabu. Vilabu vyetu vimeumizwa na wenye pesa na mamlaka, na viliumia zaidi pale shabiki aliponyamaza.

Hata hivyo wanaotoa ombi hilo wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Kisumu si mji wa kabila moja. Kuna Wakisii wenye maduka, Waluhya waliozaliwa mtaa wa Manyatta, Wahindi ambao babu zao walikuja na reli, Wanubi, Wasomali. Kijana wa familia kama hizo, anayeipenda Gor Mahia kwa moyo wake wote, akikaa jukwaani na kusikia nyimbo za mpira zikigeuka nyimbo za chama, anaelewa bila kuambiwa kwamba hapa yuko kwa wenyewe. Harudi, na akirudi hamleti mdogo wake. Linaloniuma ni kwamba klabu yenyewe ikiwa uwanjani haina mpaka huo. Meddie Kagere hakuwa mtu wa Nyanza, Jacques Tuyisenge alitoka Rwanda, na walipofunga mabao hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Klabu inayopokea mabao kutoka kwa kila mtu ina wajibu wa kupokea mashabiki vivyo hivyo.

Tena kuna hofu ya kweli. Mtu wa Nakuru aliyeshuhudia Januari 2008 majirani wakikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo na virago vyao, hahitaji kuelezwa kwa nini utani wa kikabila mbele ya watu maelfu unamtia baridi. Mdhamini naye ana hesabu zake: kampuni inayouza bidhaa kwa kila Mkenya haitaki nembo yake ikae kwenye jezi inayohusishwa na chama kimoja. Na kanuni za FIFA zinaruhusu klabu kuadhibiwa kwa ujumbe wa kisiasa unaotolewa na mashabiki wake uwanjani. Faini ikija, haimfuati aliyepiga kelele. Inalipwa na klabu ambayo huenda mishahara ya mwezi uliopita bado inaisumbua.

Hoja hizo nazikubali. Lakini zitazame vizuri: zinashtaki ukabila na fujo, hazishtaki mjadala. Tofauti yake niliiona kwenye kibanda cha chai nje ya Moi Stadium, Kisumu, kabla ya mechi. Mzee mmoja mwenye skafu ya kijani alikuwa akimwambia kijana wa bodaboda: "Tangu niko kijana tunapigia upinzani kura. Wengine wanawekewa lami, sisi tunawekewa polisi. Sasa Waziri wa Fedha ni wetu. Mnataka nini tena?"

Kijana alikuwa amevaa jezi ya Gor ya miaka ya nyuma, nembo ya SportPesa kifuani imebanduka nusu. Akaweka kikombe chini. "Mzee wangu, mimi Juni hiyo nilikuwa barabarani. Wenzetu hawakufa ili mtu apate uwaziri."

Mzee hakukasirika. Alinyamaza, akamwongezea kijana andazi kwenye sahani. Aliyejibu ni mtu wa tatu, shabiki wa Leopards aliyefika kutoka Kakamega, jezi ya buluu ndani ya koti: "Bishaneni tu, mashemeji. Sisi huko serikalini tulikuwa na watu wetu, na kiwanda cha sukari cha Mumias kilikufa wakiwa humo humo."

Watu watatu, misimamo mitatu, na hakuna aliyetajiwa kabila lake isipokuwa kwa ule ushemeji ambao debi yetu imepewa jina lake. Ukiwakataza hawa wasizungumze, umeokoa nini? Umemnyima mzee nafasi ya kusikia kilio cha kijana mbele ya chai, na umemnyima kijana nafasi ya kujua kwa nini mzee amechoka kungoja.

Swali la yule shemeji ndilo linalonishikilia zaidi. Ukanda wa miwa ulikuwa na timu kwa kila kiwanda: Mumias, Nzoia, Chemelil, Muhoroni, na SoNy ya Awendo, waliochukua ubingwa wa ligi mwaka 2006 mbele ya vigogo wote wa Nairobi. Siku ya mechi mkulima alitoka shambani moja kwa moja hadi uwanjani, na mchezaji alikuwa na ajira kiwandani ambayo ingemlinda akishastaafu soka. Mashabiki wa timu hizo hawakuwa watu wa kelele za siasa. Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa na timu, na wao walikuja kutazama mpira.

Angalia kilichofuata. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, Septemba 2019. SoNy wakaondolewa ligini msimu wa 2019/20 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi. Chemelil wakashuka daraja msimu huo huo. Nzoia wa Bungoma wakashuka mwaka 2024. Mwaka 2025 serikali ikavikodisha viwanda vinne, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na SoNy, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Zote hizo ni siasa tupu: nani aruhusiwe kuingiza sukari kutoka nje, nani aketi kwenye bodi, deni la mkulima lilipwe lini. Hakuna shabiki wa Chemelil aliyeiangusha Chemelil kwa kubishana jukwaani. Timu ilikwenda na kiwanda, na kiwanda kilikwenda na maamuzi yaliyofanywa mbali na Muhoroni na Awendo. Ningependa sana mashabiki wale wangepiga kelele mapema, tena kwa sauti kubwa.

Ile jezi yenye nembo iliyobanduka inasimulia habari ya aina hiyo. Mwaka 2019 serikali na SportPesa walivutana juu ya kodi na leseni, na mwezi Agosti kampuni ikasitisha udhamini wake wote wa michezo nchini. Gor na Leopards wakaamka hawana mdhamini. Unaweza kusema serikali ilikuwa na haki ya kudai kodi, na kwamba kampuni za kamari zimewafilisi vijana wengi wa Kondele na Nyalenda. Binafsi sina machozi ya kuzililia. Lakini mashabiki ndio walioingiza mikono mifukoni, wakachangishana ili timu isafiri. Ndipo wanapoambiwa kwamba siasa haiwahusu?

Nakuru inatupa kipimo kingine. Ulinzi Stars, timu ya jeshi, ilikuwa na makao yake huko kwa miaka mingi na imetwaa ubingwa mara nne: 2003, 2004, 2005 na 2010. Mishahara ni ya uhakika, nidhamu ipo, si timu ya kabila wala ya chama. Kama siasa ndiyo inayofukuza watu, Afraha, uwanja wa Nakuru, ingekuwa inajaa Ulinzi wakicheza. Haikuwa hivyo. Ilijaa alipokuja Gor au Leopards, na ilijaa kwa mikutano kama ule wa Jubilee wa Aprili 2016. Watu huifuata timu wanayoiona ni yao, inayobeba historia yao pamoja na ugomvi wao. Najua hoja hii inakata pande mbili: kinachojaza jukwaa ndicho kinachomfanya yule kijana wa Manyatta ajione mgeni. Sina dawa ya haraka ya hilo. Najua tu kwamba kuling'oa kwa amri hakujawahi kufaulu. Serikali ya Moi ilijaribu: mwaka 1980 Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Re-Union ili majina ya kikabila yapotee. Jina lilibadilika, ngoma za isikuti za Waluhya zikaendelea kulia pale pale.

Halafu watazame wanaohubiri kwamba mpira na siasa havichangamani. Uwanja wa Bukhungu, Kakamega, nyumbani kwa Homeboyz, ulitumika tarehe 31 Desemba 2021 kwa mkutano mkubwa wa kumpigia debe Raila miezi michache kabla ya uchaguzi. McDonald Mariga aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee mwaka 2019 akashindwa, na Desemba 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka. Ni haki yake kabisa. Wakati wa mashindano ya CHAN, Agosti 2025, Rais aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kwa kila ushindi, na vijana wakawafunga Morocco. Hakuna aliyeita hiyo siasa. Shabiki akiuliza kutoka jukwaani pesa hizo zinatoka kwenye bajeti ipi, hapo ndipo anakumbushwa kwamba amekuja kutazama mpira.

Hata adhabu kubwa zaidi iliyoipata soka yetu miaka ya karibuni haikuletwa na kelele za mashabiki. Novemba 2021 Wizara ya Michezo ilivunja uongozi wa shirikisho kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha, FIFA ikaifungia Kenya Februari 2022, na kifungo hakikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Pande zote mbili zilikuwa na mawakili. Mchezaji wa Kisumu aliyekosa mechi za kimataifa msimu mzima hakuwa na wakili.

Siasa ninayoiogopa jukwaani ni ile isiyo na kelele. Mheshimiwa anatuma mabasi mawili, anagawa jezi zenye jina lake mgongoni, analipia watu getini, anapewa kipaza sauti wakati wa mapumziko. Tunaimba, tunakula, tunarudi nyumbani. Tangu siku hiyo kumuuliza jambo ni utovu wa adabu, na aliyeuliza anaitwa msaliti wa klabu. Pesa zake zimeishia kwenye mafuta ya basi, na klabu imebaki na deni lile lile.

Hapa ndipo ninapowalaumu mashabiki wenzangu wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na ninawalaumu kwa mapenzi. Tunaweza kutaja kura za kila kaunti kwa kichwa, lakini mwaka 2023 Gor Mahia, mabingwa wa nchi, waliponyimwa leseni ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni ya waliokuwa wafanyakazi wake, wengi wetu tulishtuka kama wageni. Tulikuwa hatujui klabu yetu inadaiwa kiasi gani. Bidii ile ile ya kuchambua fomu za uchaguzi mkuu hatukuipeleka kwenye mkutano mkuu wa wanachama, ambako hesabu husomwa na mkono wa mwanachama ni kura.

Kwa hiyo siungi mkono kuzima mjadala. Naunga mkono kuuelekeza. Lugha ya kikabila ipigwe marufuku, na aliyeitoa atolewe nje na mashabiki wenzake kabla polisi hawajafika. Mgombea akileta basi, aulizwe pia kuhusu kiwanja cha mazoezi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake, kwa hiyo gavana na diwani hawana pa kujificha. Leopards ilianzishwa mwaka 1964 na Gor mwaka 1968, na hadi leo hakuna hata moja yenye uwanja wake. Wabunge, mawaziri na magavana waliovaa rangi za vilabu hivi viwili wakiomba kura hawahesabiki. Atakayefuata, akija Mamboleo au Bukhungu na skafu shingoni, atueleze hilo kwanza, ndipo apewe kipaza sauti.