Jenereta ipimwe kwanza, friji baadaye

Mtu akienda dukani hapa Mwanza kununua jenereta, huuliza ina kilowati ngapi na inakunywa mafuta kiasi gani. Umeme unaotoka mle ni wa namna gani, hilo halimjii kabisa. Kwangu mimi ndilo swali la kwanza, na mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inayoonyesha volti na hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) ingepaswa kununuliwa siku moja na jenereta yenyewe.

Jirani yangu wa Nyegezi anauza sangara wa kugandisha. Kila friza lake lilipowaka, jenereta ililegea na taa zikafifia. Akaitwa fundi. Akaja na bisibisi, akakaza skrubu ya spidi mpaka balbu ikawa nyeupe pee, akasema, "Mama, sasa ina nguvu." Friza likiwa bado halijachomekwa, nikaweka mita: volti 262, hezi 54.

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Jenereta nyingi ndogo za petroli hutoa hezi 50 injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukiongeza spidi unaongeza hezi, na kama haina AVR, kile kifaa kinachotuliza volti, volti nazo zinapanda. Hiyo si nguvu! Ni joto kwenye mota ya friza, na inaweza kuua chaja na televisheni. Shida halisi ilikuwa nyingine: kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia, na jenereta ile ilikuwa ndogo. Tulilegeza skrubu polepole huku taa na feni zikiwaka, mpaka mita ikasoma 232. Sasa friza huwashwa la kwanza, peke yake, mengine yanafuata.

Mimi nikiona chini ya 207 au juu ya 253 sichomeki kitu. Na mita isomwe mzigo kidogo ukiwepo, kama zile taa, kwa sababu jenereta isiyobeba kitu haikuambii mengi. Kabla ya kuizima, chomoa vifaa kwanza. Msiiache iishiwe mafuta ikiwa imebeba friji. Zile dakika za mwisho za kukohoa, volti hupanda na kushuka ovyo. Chenjiova, ile swichi ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa laini kwenda wa jenereta, nayo ni lazima, maana umeme wako ukirudi kwenye nguzo unaweza kumuua fundi wa laini.

Kuna na radi. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, na mawingu yanajengeka watu wakiwa wamelala. Radi si lazima ipige paa lako. Ikipiga karibu na laini, volti za ghafla zinakufuata ndani kwa waya. Kinga inayofungwa kwenye meinswichi hupunguza sana pigo hilo kwa kulipeleka ardhini, lakini huchakaa. Nyingi zina kidirisha cha kijani kinachogeuka chekundu kazi yake ikiisha, na ni wachache wanaokitazama. Ile taa ya ekstensheni, mara nyingi, inakuambia umeme upo tu.

Hapa ndipo mawe yetu yanapotusumbua. Kinga bila ethi nzuri, yaani njia ya umeme kuingia ardhini, haina pa kupeleka pigo. Kwenye vilima vya Mabatini au Bugando, fundi anagongelea rodi, ile fimbo ya chuma ya ethi, inakutana na jabali, anakata kipande kilichobaki juu, anafunika na udongo na kulipwa. Jabali kavu halipitishi umeme vizuri. Inatakiwa kutafuta sehemu yenye udongo wa kina na unyevu hata kama iko mbali kidogo na nyumba, au kulaza waya wa shaba kwenye mtaro mrefu, au kuunganisha rodi kadhaa. Kisha ipimwe kwa mita ya ethi, mwenye nyumba akiwa amesimama pale anaona namba. Fundi asiye na mita hiyo aazime kwa mwenzake kabla hajapokea hela ya mwisho.